Viganja vya Gredi ya Pili

Darasa la Mwalimu Kabura, katika shule moja ya mtaa wa Langas, lilikuwa kimya mno, na kimya hicho kilimtia Chepkirui wasiwasi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shule mbalimbali akiwasaidia walimu kufundisha watoto kusoma, na Kabura ndiye aliyemwita.

"Herufi wanazijua, Madam," Kabura alimnong'oneza. "Ni sauti tu hawatoi."

Chepkirui aliketi kando ya msichana aitwaye Waceke, akamfungulia kitabu. Waceke alianza vizuri. Alipofika kwenye "ng'ombe" akasema "gombe," kisha, bila kuambiwa na mtu, akanyoosha kiganja na kufumba macho.

Chepkirui alimgeukia Kabura. "Nani huwachapa?"

"Si mimi. Nimehamia hapa muhula huu tu. Mwaka jana walifundishwa na naibu wa mwalimu mkuu."

Chepkirui akakishika kile kiganja, akakikunja polepole. "Tusome pamoja, mama. Ng'o-mbe."

Mtoto alifungua jicho moja. "Ng'o..."

Nje, viatu vikasikika vikija. Viganja arobaini vikanyooshwa juu ya madawati kwa pamoja, na Kabura mwenyewe akarudi nyuma hadi ukutani.

Naibu alisukuma mlango akitabasamu. "Madam, unaona walivyo na nidhamu?"

"Naona." Chepkirui aliinuka, akasimama kati yake na watoto. "Na sitoki hapa, Mwalimu, mpaka mkuu wa shule naye aone."

Naibu hakuacha kutabasamu. Aliingia ndani, akaufunga mlango taratibu nyuma yake, mkuu wa shule asije akasikia.