Kilo za Watu

Kila tarehe mosi, kabla ya chai, fundi mizani alimpima binti yake. Daktari wa kliniki alitaka uzito uandikwe kila mwezi, na nyumba ile inaweza kukosa sukari lakini si mizani. Alimsukuma na kiti chake cha magurudumu hadi juu ya bamba la mizani ya magunia, akatoa kilo ishirini na mbili za kiti, ikabaki arobaini na tatu. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa na misuli iliyokuwa ikilala mmoja mmoja, ugonjwa wa upande wa mama. Mjomba wake, kaka wa marehemu mama, alikuwa nao pia. Alikaa chumba cha pili kwenye kiti cha pili.

"Mimi usinipime," mjomba alisema. "Mimi nauzwa kwa fungu."

Siku za kliniki fundi aliwabeba mgongoni mmoja mmoja hadi kwenye teksi, na mgongo ulikuwa umeanza kumjibu. Sasa binti alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uchoraji wa majengo, siku tano kwa wiki. Barua ilisema asiyeripoti ndani ya siku tatu za kwanza, nafasi yake anapewa mwingine. Ndipo ndugu na majirani wakaunda kamati ya kuchangia gari lenye lifti nyuma, ambalo kiti hupanda kama kilivyo, na mwenyewe akiwa juu yake.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu ambaye hata ukimsalimia anauliza kwa nini. Aliweka sharti moja: kila mchangiaji ana haki ya kuja kujionea kabla ya kutoa chochote.

"Siku hizi watu wanaumwa kwenye simu tu," alisema. "Waje wajionee. Mwenye macho haambiwi tazama."

Wakaja. Wa kwanza alikuwa mama mwenye duka la dawa. Alikunywa chai, akampa binti pole, akadondosha kijiko karibu na mguu wake, akangoja. Mguu haukusogea. Akatoa mchango wake, akaondoka huku akigeuka nyuma mara mbili. Kesho yake kiti kikaanza kulia kwenye ekseli ya magurudumu, fundi akampima tena binti. Arobaini na sita.

Fundi akaishuku mizani, kama ambavyo mtu yeyote wa kazi yake angefanya. Akaijaribu kwa mawe yake ya kupimia, ilikuwa sawa. Akashuku chakula, akashuku kiti. Binti alikuwa yule yule, gauni lile lile, mkono mwembamba vile vile. Wiki hiyo wakaja wengine watano. Mmoja alijifanya anateleza amwangukie, mwingine akapiga ukelele kwamba ameona nyoka, loo, mtu mzima na ndevu zake. Zikaongezeka kilo kumi na tano. Siku iliyofuata fundi viatu wa mtaa wa pili alitoa mchango wake getini, akasema hana haja ya kuingia, na mizani haikusogea hata nukta. Basi ikaeleweka. Kila aliyemshuku binti alimwachia kilo tatu.

Mjomba naye aliongezeka, mgongo wa fundi uliona bila mizani, lakini si sana. Mwanamume mwenye mvi huaminiwa upesi kuliko msichana anayecheka. Daktari aliziandika namba zote kwenye faili, akashauri matairi mazito zaidi.

"Baba, tufunge mlango," binti alisema.

Wakafunga siku mbili. Mtaa ukaulizana wanaficha nini, lisemwalo lipo na kama halipo laja, na binti akapanda kilo tisa bila kuonwa na mtu. Wakafungua. Wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa. Wahenga hawakuwa na mizani.

Alipopita kilo mia, fundi alifunga puli ya magunia juu ya kitanda ili kumwinua. Sakafu ya saruji ilipasuka kutoka kitandani hadi mlangoni. Madereva wa teksi wakamkataa, kliniki ikabidi ingoje gari. Karatasi za gari zilisema lifti inabeba kilo mia tatu, na fundi akawa anawaangalia wageni kama mtu anayeangalia maji yakipanda ukutani. Mchango ulipotimia, binti na kiti chake walikuwa mia mbili arobaini na tatu. Gari lilikuwa lifike Jumapili. Chuo kilifunguliwa Jumatatu.

Jumamosi asubuhi fundi alikuta ndala za binti mlangoni, soli zimejaa tope.

Alichuchumaa. Kwa miezi minne alikuwa amewatazama watu wakimtazama mwanawe, na macho nayo hujifunza. Aligusa tope, lilikuwa bado bichi. Akaingia chumbani kwa ncha za vidole, akatoa bisibisi mfukoni, akaidondosha kando ya miguu ya binti. Miguu haikusogea. Macho ndiyo yalifunguka.

"Unatafuta nini, baba?"

"Bisibisi."

Mjomba akaita kutoka chumba cha pili. "Shemeji! Niletee hizo ndala za mlangoni. Nilizikwamisha chini ya gurudumu jana, kiti kilikuwa kinaniteremsha uwanjani."

Fundi akampelekea. Aliona aibu hadi masikioni, na siku nzima hakumtazama binti usoni.

Jumapili gari likaja, jeupe, na kamati nzima nyuma yake. Mjomba alipandishwa kwanza, akapunga mkono kama waziri. Kisha binti. Lifti ikanguruma, ikainuka upana wa kiganja kimoja, ikalia, ikashuka. Wakarudia mara tatu. Mwishowe wakamsukuma hadi kwenye mizani. Mia tatu na tatu.

"Sitini," binti alisema. "Tangu juzi hajaja mgeni. Hizi ni za nani?"

Fundi aliikumbuka bisibisi. Alikuwa hajadanganya kuhusu kilo kwa miaka thelathini.

"Labda mizani," alisema.

Binti alimtazama usoni. "Haya, baba."

Mwenyekiti alimuuliza jirani yake, kwa sauti ya kusikika, kama gari hili lilikuwa la nani hasa. Mshale wa mizani ukasogea mbele.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano zikapita. Alhamisi chuo kilimpa nafasi mtu mwingine, na barua yao ilikuwa na adabu sana. Gari humpeleka mjomba kliniki, na wachangiaji hupita kuhesabu nani kapanda na nani hakupanda, kisha huingia ndani kuuliza.

"Usinipime tena, baba," binti alisema siku moja. Fundi akakubali, akaiondoa mizani ya magunia nyumbani, akaiuza.

Lakini kila jioni, akifagia uwanja, huinama kwenye njia yalikopita magurudumu ya binti, akachomeka kidole mchangani kuona yamezama kiasi gani, na kama kando yake pana nyayo. Asubuhi yake huzama zaidi. Fundi anajua kilo hizo ni za nani. Jioni huinama tena.