Palizi ya Bibi Rosa

Uwimana hakuwa na mama wa kumwachia mtoto. Mama yake alibaki ng'ambo ya mpaka, kule Burundi, katika vurugu za mwaka sabini na mbili, na mama mkwe hakujulikana alikokimbilia. Huku Heru Juu, kwa Waha wa Kigoma, walimpokea vizuri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini yeye jembe alilishika siku ile ile aliyofika, wala hakulalamika. Kimbembe kilianza alipojifungua. Ukimfunga mtoto mgongoni na jua lile, analia. Ukimlaza kivulini, siafu wanamwona kabla yako.

Ndipo Bibi Rosa alipomwambia, "Mlete kwangu."

Bibi Rosa alikuwa mjane wa Kiha, mrefu, mkali wa maneno. Tangu Operesheni Vijiji iwahamishie watu kijijini, nyumba zikapangwa kando ya barabara na mashamba mengi yakabaki mbali huko vilimani, akina mama walikuwa wakimwachia watoto wao. Alfajiri unapita, unamweka mwanao uani, unaacha unga kidogo wa uji, unakwenda zako. Rosa mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Wanaosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi hawakumwona akimpuliza jichoni mtoto wa mwenzake aliyeingiwa na moshi.

Mwaka ule mvua ilikuwa ya neema, na neema haikubagua: ilistawisha maharage, ikastawisha magugu zaidi. Ijumaa moja jioni, Uwimana alipokwenda kumchukua mwanawe Reverien, Rosa alimkabidhi bila kumtazama usoni.

"Kesho ndiyo mwisho," alisema. "Jumatatu kila mtu abebe wake."

Usiku Uwimana alijiuliza atapalilia vipi na mtoto anayetambaa, na asipopalilia watakula nini. Asubuhi aliwaambia wenzake kisimani. Immakulata, jirani yake, ambaye hajawahi kukosa jibu la jambo lolote, alisema mara moja, "Unga hautoshi! Tumwongezee." Wakamwongezea, na chumvi juu. Rosa akaurudisha wote.

"Unga ni wa watoto. Mimi nimewahi kuonja uji wao?"

Kweli, hakuwahi. Uwimana alikasirika kidogo, naye alikuwa na haki ya kukasirika, maana mtu akikataa unga wako hujui umpe nini tena. Mchana wa siku hiyo alikwenda kuchuma kisamvu nyuma ya nyumba za mwisho, akapita kando ya shamba la Rosa, akasimama. Maharage hayakuonekana. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Mwanamke yule alikuwa amekaa na watoto wao palizi nzima, huku chakula chake cha mwaka kikisongwa na nyasi. Uwimana aliona aibu, akalia pale pale, kisamvu mkononi.

"Basi twende tukapalilie!" alisema Immakulata alipoambiwa. Kisha akajikuna kichwa. "Ila hajatualika."

Hapo ndipo penye mfupa. Kwa Waha, kama kwa Warundi, huingii na jembe shamba la mtu hivi hivi. Watu watauliza umekwenda kufukia uchawi gani. Kuna kazi ya kualikana, ikibiri, na mwenye shamba ndiye anayealika, yeye au mtu wa nyumba yake, kisha anawapa waliokuja kitu cha kunywa. Rosa hakuwa na ndizi za kukamua pombe. Na mtu asiye na cha kuwapa wageni haaliki, hata magugu yamfunike na yeye.

"Mtu wa nyumba yake," alirudia Uwimana polepole. "Ewe Immakulata, mwanao Kipriani anashinda wapi?"

"Kwa Rosa."

"Anakula wapi? Akianguka anamlilia nani?"

Immakulata alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu.

Basi Jumapili jioni, kila nyumba, mtoto alifundishwa kumwalika mama yake. Kipriani alisimama mlangoni, tumbo mbele, akatamka, "Shamba la nyumba yetu limezidiwa. Njooni kesho." Reverien alikuwa hajui kusema. Uwimana alimwuliza tu, naye akamshika mama yake pua, na Uwimana akauhesabu huo kuwa mwaliko.

Jumatatu kabla ya jua kuchomoza walikuwa shambani, majembe yanapanda na kushuka, kila mmoja amekuja na togwa yake mwenyewe ili mwenyeji asiaibike. Rosa alikuwa ameamkia kwa mhunzi kulitia jembe lake mpini mpya, maana lilikuwa limekaa kitambo bila kazi. Alipotokea na kuwaona, uso ulimbadilika.

"Nani amewaalika?"

"Watoto wa nyumba yako," alisema Uwimana.

Rosa akatazama migongo yao, mmoja baada ya mwingine, na yote ilikuwa mitupu.

"Na hao watoto wako na nani?"

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amepita alfajiri kama siku zote, kana kwamba Rosa hakuwakataza, akamweka mwanawe uani kwa Rosa, akasikia sauti za wengine, akadhani bibi yuko ndani anapuliza moto.

Rosa alitupa jembe na mpini wake mpya, akatimua mbio. Wakamfuata. Waliwakuta watoto wamekaa kulizunguka jiko la baridi wakisubiri uji, na Reverien amelala, kichwa juu ya paja la Kipriani, ambaye hakuthubutu kusogea. Rosa alimwokota mtoto, akamgusa kichwa, miguu, tumbo, kisha akawageukia akina mama kwa hasira ya kweli.

"Nani ameacha watoto wangu peke yao?"

Uwimana alinyoosha mikono kumchukua mwanawe, lakini Rosa alikuwa ameshamfunga mgongoni na kupiga magoti kupuliza moto.

"Nendeni," alisema bila kugeuka. "Yale magugu yanawangoja."

Uwimana alirudi shambani akifuta machozi kwa ncha ya kanga, na kucheka pia.