Kiini cha Pampu ya Nyangwine

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia wana Tarime wote, na majirani zetu wa Serengeti mpaka kule Machochwe, kwamba wilaya yetu sasa ina kiini chake yenyewe cha mfumo wa kompyuta. Kimejengwa juu ya meza ya jikoni kwa mama, kati ya sufuria ya ugali na maharage yaliyolowekwa, na wajibu wake kwa taifa ni kuwasha na kuzima pampu ya maji.

Pampu ni ya duara, yaani shimo la machimbo, la mzee Nyangwine. Tangu dhahabu ionekane upande ule, kila mwenye sululu amekuwa mchimbaji, na kila duara linaloingia chini vya kutosha hujaa maji. Kaka yangu Rubeni alimtengenezea mzee kisanduku chenye kompyuta ndogo kama kiganja. Maji yakipanda, boya linapanda, kisanduku kinawasha pampu, na walio chini wanaendelea kugonga mwamba bila kulowa magoti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzee alipounganisha karasha la kusagia mawe kwenye jenereta ileile. Karasha likiwaka umeme unashtuka, boya linatuma habari mara mbili kwa mpigo, na kiini, yaani ile programu ya ndani kabisa inayotawala nyingine zote, kinazirai. Pampu inakaa kimya. Walio chini wanapanda kamba wakitukana kwa Kikurya, na wana haki.

Mzee alimwambia Rubeni kwamba kikizirai tena atakitupa ndani ya duara, na aliyekitengeneza atakifuata. Sehemu ya pili ilikuwa utani, labda. Ya kwanza haikuwa. Wenye maduara wengine wote walikuwa wanasubiri kuona cha Nyangwine kitaishia wapi kabla ya kuagiza vyao.

Rubeni akalipata kosa. Habari ya pili ya boya ilikuwa inaikuta ya kwanza bado inashughulikiwa, zikagombea nafasi moja kama wanafunzi na bomba la bweni. Akaandika mistari michache ya kuzipanga foleni. Ikabaki kazi ya kukijenga kiini upya, na hapo ndipo mimi Wegesa, mwanafunzi wa bweni niliyekuwa likizo, nilipoitwa na taifa.

Kisanduku hakina nguvu za kujijengea kiini chake. Unakijenga kwenye laptopu, huku ukiiambia laptopu waziwazi kwamba atakayekitumia si yeye, ni mwingine mwenye akili ya aina nyingine. Ni kama kumpikia mgonjwa: ukijisahau, utamtilia pilipili unayoipenda wewe. Rubeni aliwahi kujisahau, akajenga kiini cha laptopu, kisanduku kikakitazama kama ng'ombe anavyotazama gazeti. Safari hii aliniandikia amri zote, akaenda Sirari kutafuta swichi mpya ya pampu, akaniachia usimamizi.

Nilisimamia. Ila mjenzi anaruhusiwa kukipa kiini jina la ukoo, linalotokea kwenye kioo kikiwaka, na pale Rubeni alipopaacha wazi nikaandika "kiinimacho". Shuleni lingechekesha bweni zima.

Habari ya yai nilikuwa naijua. Kila mtu anaijua. Kuna mganga aliyempasulia Nyangwine yai mbele ya watu, kiini kikamwagika na punje ya dhahabu ndani yake. Mzee akauza ng'ombe, akachimba pale yai lilipoelekeza, akapata vyura. Tangu siku hiyo hakuna anayekaanga yai karibu na duara lake. Mimi nilihesabu kwamba mzee hasomi mambo ya kwenye kioo.

Siku ya majaribio watu wote walitolewa chini. Runinga ndogo ikawekwa juu ya pipa, tukamwamkia mzee kwa "tata", yaani baba kwa Kikurya, Rubeni akawasha. Herufi zikamiminika, zikatulia. Akaashiria karasha liwashwe. Taa ikafifia, boya likapiga kelele zake mbili, na maji yakaendelea kutoka. Wakalizima karasha, wakaliwasha tena. Maji yakatoka. Wachimbaji wakapiga makofi, hata wale waliotukana.

Mzee Nyangwine alikuwa hatazami maji. Alikuwa amevaa miwani.

"Rubeni. Hapa pameandikwa nini?"

Rubeni akainama, akalikuta lile "kiinimacho" langu. "Tata, hilo neno sijui limetoka wapi. Lakini maji si unayaona?"

"Nayaona. Na dhahabu kwenye yai niliiona."

Waliopiga makofi wakaficha mikono. Mzee akamwita kijana mwenye koleo aje akate nyaya. Rubeni akaanza kueleza boya na foleni, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufanana na yule mganga. Kisha mzee akaniita mimi, msomi, nisogee nimalizie mstari ule, yale yaliyofuata baada ya neno.

Nikasogea. Jambo moja sikuwa nimelijua kuhusu viini: vina majivuno ya mwashi. Vinaandika jina la aliyevijenga bila kuombwa, na mimi nilikuwa nimeingia kwenye laptopu kwa jina langu.

"Kinasema kimejengwa na fundi, tata."

"Fundi." Akaweka kidole juu ya kioo. "Siku hizi fundi inaanza na W?"

Rubeni akageuka akanitazama. Kijana alikuwa ameshafungua koleo, na nyuma yake pampu ilikuwa bado inamwaga maji, kwa uaminifu kabisa, bila kuaminiwa na mtu. Nilikuwa na hotuba ya kujitetea, yenye methali. Sikuikumbuka.

"Ni Wegesa, tata. Ni mimi. Neno nililiandika kwa utani, na habari ya yai nilikuwa naijua. Kaka hakuliona. Foleni ni yake, kazi yote ni yake. Mimi niliongeza neno moja, na ndilo peke yake la uongo mle ndani."