Delmar Apanda Basi

Katika Kambi ya Tupelo, ambako watu huja likizo na nyumba zao za tela, mtu asiye na kigari cha umeme hana hadhi. Kutoka lango kuu hadi mtaa wa kumi na tisa ni mwendo wa nusu saa kwa mwenye miguu mizima, na Verna Tisdale hakuwa nayo: nyonga ya kushoto ilikuwa ya chuma, ya kulia ilikuwa inangoja zamu yake. Duka liko huku, mabafu yako kule, na kivuko cha kwenda kwenye mabembea ya ng'ambo ya ziwa kiko mwisho wa dunia. Ndiyo maana watu hukodi vigari. Huvipamba kwa taa na bendera, huvipa majina, na wapo wanaovipenda kuliko wakwe zao.

Delmar, mume wake, alikuwa mtu wa kigari kwa miaka ishirini na miwili. Kila Jumamosi ya mwisho ya Juni kulikuwa na gwaride la vigari, na aliyetangulia mbele, kofia ya majani kichwani na honi ya shaba mkononi, alikuwa yeye. Lakini dirisha la kukodia lina sharti moja, leseni ya udereva, na mwaka huu Delmar hakuwa nayo. Mwezi wa Aprili ofisi ya leseni ilimwita, ikampima macho, ikaichukua. Kuna mtu alikuwa amewaandikia barua. Jina la mtu huyo, walimwambia, ni siri.

"Siri gani? Mimi namjua," Delmar alisema tangu siku ile. "Ni Hollis."

Hollis Peebles alikuwa jirani yao kule nyumbani, Palatka, na rafiki yake wa miaka arobaini, na hapa kambini tela lake lilikaa kando ya lao kama kila mwaka. Ushahidi wote wa Delmar ni kwamba Hollis aliwahi kumshauri avae miwani. Kwa hilo tu alimnunia miezi miwili, na Hollis alipomzika mkewe, Junie, mwezi wa Mei, Delmar hakukanyaga mazishini.

Barua aliiandika Verna.

Aliiandikia mezani jikoni, Delmar akiwa nje anamwagilia nyanya. Wiki ile Delmar alikuwa amepita mbele ya shule bila kupunguza mwendo. Mama anayewavusha watoto alimdaka msichana mmoja kwa mkoba wa mgongoni na kumrudisha nyuma. Verna alipiga ukelele. Delmar akaendelea kuendesha, mikono imetulia kwenye usukani, akauliza, "Mtoto gani?"

Verna mwenyewe hakuwahi kujifunza kuendesha, kwa hiyo barua ile ilimkata miguu na yeye. Safari hii mkwe wao ndiye aliyewavutia tela, akawaacha, akasema atarudi Jumapili. Siku tatu walikuwa watu wa kungojea basi la kambi, Delmar akiwaambia wote waliomsalimia kwamba daktari kamshauri atembee. Uongo wake ulimuuma Verna kuliko nyonga.

Ijumaa mchana walikuwa kituoni, wingu jeusi limeshafika juu ya misonobari, Hollis aliposimamisha kigari mbele yao. Alikuwa amekizungushia bendera ndogondogo. Alikuwa amekonda, na shati lake halikupigwa pasi.

"Shemeji, mvua hiyo," alisema. "Pandeni niwafikishe dukani. Na kesho, Delmar, kiti cha mbele ni chako. Mimi naendesha, wewe unapiga honi. Bila wewe lile si gwaride, ni foleni."

"Umeninyang'anya usukani," Delmar alisema, "sasa unanipa honi kama mtoto wa chekechea."

"Delmar, basi jamani."

"Sio basi, Verna. Leo aseme. Sema hapa mbele ya mke wangu, Hollis: barua ile uliandika wewe?"

Hollis alimtazama Verna. Siku Verna alipokwenda kuituma barua walikutana posta, na Hollis aliiona bahasha yenye anwani ya ofisi ya leseni mkononi mwake kabla hajawahi kuificha. Hakumuuliza neno wala hakuwahi kuligusia. Sasa alivua kofia akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ndiyo," alisema. "Niliandika mimi."

"Umemsikia, Verna? Afadhali Junie hayupo. Asingependa kuona umekuwa mtu wa namna gani."

Hollis alirudisha kofia kichwani na kuondoka polepole, bendera zikipepea kwa furaha isiyokuwa na mwenyewe. Verna alibaki amesimama. Aliona haya, haya mbaya, ya mtu aliyemwacha mwenzake apigwe kwa kosa lake.

Basi likaja. Dereva, mama mnene aitwaye Yadira, aliwateremshia ngazi. "Karibuni, wazee wangu. Polepole, bibi, hatukimbizwi." Ndani hamkuwa na mtu mwingine. Mvua ilianza kupiga vioo.

"Delmar," Verna alisema. "Hollis kakudanganya. Barua niliandika mimi."

Delmar alicheka. Kisha akamtazama, kicheko kikamkauka.

"Wewe?"

"Yule msichana, Delmar. Pale mbele ya shule."

"Msichana gani?"

"Ndiyo hivyo. Ndiyo maana niliandika."

Basi lilipita vituo viwili.

"Na Hollis alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

"Kwa hiyo mlikuwa wawili. Mnanichunga kama ng'ombe." Alivuta kamba ya kengele. Kituo hakikuwa chao wala cha duka. Alishuka bila kofia, mvua ikammeza.

Verna hakushuka dukani. Hakuwa na hamu ya mkate wala ya chochote. Basi la ndani huizunguka kambi yote kwa dakika ishirini, na Yadira, aliyemwona kwenye kioo anavyolia, hakumuuliza anakwenda wapi. Mzunguko wa kwanza walimpita Delmar akitembea ukingoni mwa barabara, kichwa chini. Mzunguko wa pili walimkuta kituo cha mtaa wa kumi na mbili, amekaa kwenye benchi. Mitaa yote ya Tupelo inafanana, na alikuwa amepotea. Yadira alifungua mlango bila kuulizwa. Delmar alipanda, akachagua kiti cha mbele kabisa, akampa Verna mgongo.

Mtaa wa kumi na tisa, lilikokuwa tela lao, alishuka wa kwanza. Halafu aligeuka na kumnyooshea mkewe mkono, kama alivyomnyooshea kwenye kila ngazi kwa miaka hamsini na mmoja, bila kumtazama usoni. Verna alipokanyaga chini, mkono ukaondolewa. Basi liliondoka, na Delmar akatangulia kuvuka.

Vigari vya umeme havina sauti. Hiki kilikuja kutoka kona, kimejaa watoto waliolowa wanaokimbilia kwao, na Delmar alikuwa katikati ya njia. Verna alimkamata shati kwa mikono miwili na kumvuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, nyonga ikamchoma hadi gotini. Kigari kiliwapita kwa upana wa kiganja.

"Nini?" Delmar aliuliza. "Unanivutia nini?"

"Kigari. Kilikuwa na watoto."

Aligeuza kichwa kuitazama njia, huku na huku. Kigari kilikuwa kimeshapinda. Maji yalimtiririka usoni na hakuyafuta.

"Sikukiona," alisema.

Verna aliliachia shati lake.

"Sikukiona kabisa, Verna."

Kisha Delmar alipapasa, akaupata mkono wa mkewe, akaushika juu ya kiwiko.

"Nipeleke kwa Hollis," alisema.