Dhoruba ya Nyota

Siku ya nne bila umeme, Madame Clothilde alikuwa amechoka hadi kope. Darasa lake lilikuwa la watoto kumi na wawili wenye ulemavu, na wiki hiyo walikuwa wakitengeneza hali ya hewa: mawingu ya pamba, matone ya mbegu, upinde wa mvua wa mabaki ya vitenge. Wote walikuwa wamemaliza, isipokuwa Nyota.

Nyota, wa miaka kumi na mmoja, hakuwa na mikono ya kumtii wala ulimi wa kusema. Ndiyo yake ilikuwa kutazama juu. Hapana yake, kufumba macho. Fundi wa redio alikuwa amemfungia kitufe kikubwa pembeni mwa kiti chake. Akikibonyeza kwa shavu, mashine ya kukaushia nywele inapuliza rangi ya majimaji iliyomwagwa kwenye karatasi, nayo inatawanyika. Hiyo ndiyo ingekuwa dhoruba yake. Lakini mashine bila umeme ni pambo tu.

Na kesho yake baba yake, Papa Daudi, alikuwa anakuja kuona kazi. Alishasema wazi: kama mtoto anaenda shule kukaa tu, heri akae nyumbani. Kumsukuma kila asubuhi kwenye ile barabara ya mashimo kulikuwa kumemmaliza mgongo.

Basi saa ya kutoka, Clothilde alichukua bua la jani la mpapai, akapuliza rangi mwenyewe. Dhoruba ilitoka nzuri kweli. Nyota alikuwa akimtazama muda wote. Clothilde hakumtazama; alichotaka ni kwenda kulala.

Asubuhi Papa Daudi aliishika karatasi ile kwa mikono miwili.

"Nyota, hii ni weye ulifanya?"

Nyota akafumba macho.

"Anasema nini?"

Aibu ilimpanda Clothilde hadi masikioni. "Anasema apana. Ni miye nilifanya, Papa. Courant haiko, mashine haiwake, nikaogopa utamutoa ku masomo."

"Donc ni kweli. Mutoto anaikala tu."

Clothilde akatandika karatasi mpya, akamwaga rangi ya buluu, akapiga magoti, bua mkononi.

"Nyota, bonyeza," akasema. "Leo courant ni miye."

Nyota akaegemeza shavu. Kitufe kikalia tak, Clothilde akapuliza. Shavu lilipoondoka Clothilde aliacha kupuliza papo hapo, hata pale rangi ilipokuwa inaelekea pazuri. Tak. Tena. Magoti yalimuuma, kichwa kilimzunguka, na hakuthubutu kupuliza zaidi ya alivyoamriwa. Rangi ilijirundika upande mmoja, nzito, haina umbo, na kona nzima ikabaki nyeupe. Kisha Nyota akainua kichwa, asikirudishe tena.

"Alichoka?" Papa Daudi akauliza.

"Apana. Alimaliza."

"Lakini hapa kungali mweupe, Madame." Akalichukua bua, akainama aijaze ile kona.

Nyota akafumba macho.

Miaka kumi na mmoja Papa Daudi alikuwa amembeba binti yake, amemlisha, amemgeuza kitandani, na hakuna siku aliyomuuliza kama anataka. Akabaki ameinama, bua mdomoni, akiyatazama macho yale yaliyofumbwa kwa nguvu. Akalitoa bua polepole, akaliweka chini.

"Bon," akamwambia. "Sitagusa."