Sauti Iliyonasa Gurudumuni

Fundi alitoa gurudumu la mbele kushoto, akaliegemeza ukutani, kisha akafungua breki na kuzifunga kwa waya zisije zikavuta mpira wa mafuta ya breki. Mteja alisema gari lilianza kulia mwaka jana. Mwanzo lililia taratibu, halafu likazidi mpaka redio ikawa haisikiki.

"Beringi imekwisha, bosi," alisema fundi.

Mama yake fundi alikuwa amekaa kwenye benchi, kama alivyokaa kila alasiri tangu wamzike. Gari lilimgonga mwaka jana akivuka barabara na halikusimama. Tangu hapo alikuja gereji bila sauti. Akitaka kitu alipiga kofi, akikataa alitikisa kichwa. Jioni alikwenda kukaa na baba nyumbani, na baba, aliyezoea kusemwa usiku kucha, alikonda kwa ukimya ule.

Siku hiyo mama aliinuka, akachuchumaa penye gurudumu, akatega sikio. Kisha akashika koo lake na kuonyesha sensa, kile kidude cha plastiki kinachosoma mzunguko wa gurudumu. Lazima kitoke kwanza ndipo beringi ibadilishwe, na hiki kilikuwa kimebanwa na kutu, hakitikisiki.

"Dada, hiyo ivunje tuitoboe na drili," alisema Grisi, mwenzake wa gereji. "Tungekuwa tunakunywa chai saa hizi."

"Vunja tu, fundi," alisema mteja. "Nitanunua mpya."

"Ikivunjika, sauti ya mama inapotea," alisema fundi.

"Ah," alisema Grisi. "Basi twende nayo polepole." Akaenda kuleta mafuta ya kulainisha kutu.

Fundi alinyunyiza mafuta pembeni mwa sensa, akangoja yaingie. Aligonga chuma kwa nyundo ndogo, si sensa yenyewe, akaizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Wengi hukosea hapo kwa kuivuta. Kichwa hukatika, mwili unabaki ndani. Jasho lilimwingia machoni, asilifute. Mama alimshika bega kwa mkono wake wa baridi, na sensa ikaanza kusogea. Ikatoka nzima.

Kwenye tundu ikatoka sauti.

"Simama, baba. Simama, umenigonga."

"Ndiyo hiyo," alisema mteja. "Ndiyo kelele yenyewe."

Mama alifungua mdomo, akaimeza sauti hiyo, akakohoa vumbi la kutu.

"Grisi," alisema, "hilo shati lifue, mwanangu. Utapata mke lini?"

Grisi aliangalia shati lake. Fundi aliweka spana chini.

"Muulize, mama."

Mama alimgeukia mteja. "Baba, mbona hukusimama?"

Mteja alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya wakubwa.

"Nilikuwa nawahi, mama."

"Ulikuwa unawahi wapi?"

"Sikumbuki sasa."

"Haya," alisema mama.

Fundi alingoja aendelee, lakini mama alikwisha kurudi kwenye benchi na kukunja mikono mapajani. Basi akaikandamiza beringi mpya mpaka ikakaa, akasugua kutu yote kwenye tundu, akarudisha sensa mahali pake, kisha breki na gurudumu. Gurudumu lilizunguka kimya. Taa ya breki iliyokuwa inawaka pale mbele ya usukani ikazimika.

"Mna mikono nyie," alisema mteja. Akalipa, akawaaga mmoja mmoja, na mwisho akamwamkia mama shikamoo.

"Marahaba, baba."

Fundi alisimama akifuta mikono kwa tambara huku gari likielekea getini. Pale getini kuku alikuwa anavuka na vifaranga. Gari likasimama papo hapo, bila kuteleza wala kulia. Mteja akangoja mpaka kifaranga wa mwisho, aliyekuwa anachechemea, akafika upande wa pili. Ndipo akaondoka.

"Breki zinashika," alisema mama.

"Zinashika, mama," alisema fundi.