Ufa wa Uani

Kazini walimwita Bi Deki, naye hakukasirika. Miaka kumi na tisa ya kufagia ofisi za watu ilimfanya hata akiwa mgeni macho yake yaanze na pembe za sakafu. Basi mdogo wake alipofiwa na mtoto wa miezi mitano, akaacha kula, kulala na kusema, Bi Deki alimchukua kwake akamtunza kwa namna aliyoijua: shuka nyeupe pee, dirisha lisilo na alama ya kidole, chumba kinanukia sabuni. Mdogo mtu akageukia ukuta. Miezi mitatu ikapita hivyo, Bi Deki akaanza kuogopa kwamba huyu naye atampoteza.

Mvua zilipokatika, asubuhi moja alimkuta uani, amechuchumaa kwenye ufa wa sementi karibu na bomba. Kesho yake tena. Alichota maji kwa kiganja, akayamwaga polepole, kisha akakaa pale na jua mgongoni. Wiki ya pili akaomba uji kwa ishara. Wiki ya tatu akalala usiku kucha. Bi Deki alimshukuru Mungu, akazishukuru na dawa za zahanati. Hakwenda kuchungulia kule kuna nini. Mtu akiwa bombani, kwake huyo ananawa tu.

Jumamosi muuguzi aliahidi kupita kumwona mgonjwa. Bi Deki aliutazama ua wake akaona aibu. Akaingia kazini: brashi ya waya, sabuni, kisu butu cha kukwangulia nyufa. Akang'oa kijani chote, akamalizia na maji ya moto ili kisiote tena. Sementi ikang'aa. Akasimama mikono kiunoni, amejiridhisha kwelikweli, maskini.

Mdogo wake akatoka na kikombe cha maji. Akachuchumaa pale pale, akapitisha kidole kwenye ufa, mwanzo hadi mwisho. Ndipo Bi Deki alipokumbuka kile kijimmea cha majani matatu alichokikwangua pamoja na kijani, na njiti ya kiberiti iliyochomekwa pembeni kukiegemeza. Moyo ulimpasuka. Akapekua ndoo ya taka mpaka akakipata, kimenyauka, akamnyooshea.

"Nisamehe mdogo wangu, sikujua. Tutaotesha kingine."

Mdogo wake alikitazama. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akafungua kinywa.

"Umesafisha vizuri, dada," alisema, bila hasira hata kidogo.

Akamwaga maji ya kikombe, akarudi chumbani, akageukia ukuta.